Hoja Dhidi ya Kisakinishi Kisichouliza

Imekuwa kama kanuni isiyopingwa, kwa wale wanaotunga programu za kompyuta na kwa wale wanaozinunua kwa niaba ya umma, kwamba kisakinishi kilicho bora ni kile kisichouliza neno: mtu hubofya mara moja, hukaa akatazama mstari ukijaa kutoka kushoto kwenda kulia, na mambo mengine yote, ya kuunda hifadhidata, kuweka nenosiri, kuandikisha huduma zitakazowaka pamoja na mashine na kufuta toleo la zamani, hutendeka nyuma ya pazia kwa amri za aliyekitunga. Kanuni hii imepokewa katika kaunti za Migori na Homa Bay kama ilivyopokewa kwingineko, na husemwa kwa sauti ya huruma: kwamba muuguzi wa Muhuru Bay ana wagonjwa wa kumshughulisha, kwamba ofisa wa rekodi za afya wa Ndhiwa hakusomea uhandisi, na kwamba ni heri mashine ibebe taabu yote kuliko binadamu kusumbuliwa kwa maswali. Nakusudia kuonyesha kwamba huruma hiyo ni ya juu juu; kwamba kisakinishi kisichouliza hakiiondoi taabu, huiahirisha tu mpaka siku ambayo aliyekitunga hayupo; na kwamba mashine ya umma haistahili kupewa amri yoyote ambayo haikuandaliwa pia njia ya kuitangua.

Yafaa kwanza kubainisha kinachobishaniwa, maana wengi hukisifu au kukilaumu kisakinishi pasipo kukifungua. Kazi zake ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile ambazo kila chombo cha kusakinishia kinazijua: kunakili faili mahali pake, kuandikisha programu katika mfumo endeshi, kuiweka alama yake katika menyu. Namna ya pili ni hatua maalumu, yaani amri ambazo mtunzi amezitia mwenyewe kwa kuwa chombo hakikuwa na njia yake tayari: kuunda hifadhidata, kusimamisha huduma fulani kabla ya kubadilisha faili zake, kusoma mipangilio ya toleo lililotangulia. Windows Installer, chombo cha kusakinishia cha Windows kilichokuja pamoja na Office 2000 mwaka 1999, kilizigawa hatua hizi katika mafungu yenye hekima. Zipo zinazotendeka papo hapo, ambazo kazi yake ni kutazama na kukusanya habari, na hazipaswi kuigusa mashine. Zipo zilizoahirishwa, ambazo ndizo zinazobadilisha. Zipo za kubatilisha, zinazofuta athari ya zile zilizoahirishwa iwapo jambo limeharibika katikati. Na zipo za kuthibitisha, zinazongoja mpaka yote yamefaulu. Kwa upande wa mfumo endeshi wa Debian, na Ubuntu iliyozaliwa kwake mwaka 2004, kila kifurushi huweza kubeba skripti nne, za kabla na baada ya kusakinisha, na za kabla na baada ya kuondoa. Njia ni mbili, lakini jambo moja linaziunganisha: hatua maalumu aghalabu hutendeka kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine, ile ya akaunti ya mfumo au ya mtumiaji mkuu, mamlaka ambayo hata mkuu wa kituo hanayo anapofanya kazi zake za kila siku. Hapa ndipo penye asili ya ugomvi wangu, kwa sababu amri yenye mamlaka ya namna hiyo, inayotolewa na mtu aliye mbali juu ya mashine asiyoiona, ni jambo zito, na uzito wake haupungui kwa kufichwa nyuma ya mstari unaojaa.

Mahali pa kulipima jambo hili katika kaunti zetu mbili hapana haja ya kupatafuta kwa taa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018, uitwao KENPHIA, uliikuta Homa Bay ikiongoza kwa Ukimwi nchini, ambako karibu mtu mzima mmoja katika kila watano alikuwa na virusi, na Migori ikiwa miongoni mwa kaunti za juu pamoja nayo. Kliniki za matunzo ya wagonjwa hawa zimekuwa zikitumia mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao KenyaEMR, ulioanza kusambazwa katika vituo vya serikali mwaka 2012, nao umejengwa juu ya OpenMRS, programu ya chanzo huria ambayo chimbuko lake limefungamana na kliniki za Eldoret tangu mwaka 2004. Mfumo huu kwa kawaida huwekwa katika seva ndogo iliyomo ndani ya kituo chenyewe, ili kazi iendelee hata intaneti ikikatika, na ndani ya seva hiyo huwamo Ubuntu, hifadhidata ya MySQL na Tomcat inayouendesha. Basi kila toleo jipya linapofika Oyugis, Mbita, Awendo au Kehancha, huwa ni zaidi ya faili za kunakili. Hufika na amri za kubadilisha majedwali yanayobeba habari za watu ambao uhai wao unategemea tarehe ya kurudi kliniki na jina la dawa. Sisemi kwamba mfumo huo una kasoro hii au ile. Nasema kwamba yeyote anayetaka kujua hatua maalumu zina dhima gani, na atazame mahali ambapo zinatendeka juu ya amana ya namna hii.

Dai la kwanza la wanaopenda kimya ni kwamba watu wa vituoni hawajui, kwa hiyo kuwauliza ni kujitafutia makosa. Dai hili linachanganya elimu mbili. Ni kweli kwamba ofisa wa rekodi hajui ni mlango gani wa mtandao utumiwe na Tomcat, na hakuna sababu ya kumwuliza. Lakini yapo mambo ambayo yeye anayajua na mtunzi hayajui kabisa. Nambari ya mgonjwa katika kliniki ya Ukimwi ina tarakimu kumi: tano za mwanzo ni nambari ya kituo katika orodha kuu ya vituo vya afya ya Wizara ya Afya, na tano zinazofuata ni za mgonjwa mwenyewe. Ofisa anayeijaza kadi ya MOH 257 na kutoa ripoti ya MOH 731 kila mwezi anazo tarakimu tano za kituo chake kichwani kama alivyo na jina la mama yake, naye ndiye anayejua mgonjwa wa mwisho katika daftari la karatasi aliishia nambari gani. Mhandisi aliyeko Nairobi au Seattle, hata awe bingwa wa kiasi gani, hana njia ya kuyajua hayo isipokuwa kwa kuuliza. Na KenyaEMR yenyewe ni shahidi wangu, kwani ilipowashwa mara ya kwanza ilimtaka msimamizi achague kituo chake na kutaja nambari za kuanzia kabla ya kumsajili mgonjwa yeyote. Walioitunga walitambua kwamba mengine hayakisiwi.

Hebu tuchukulie kwamba swali hilo limeondolewa kwa ajili ya kurahisisha, na kituo kimejazwa kimyakimya kwa jina lililokuwamo katika mashine ya majaribio. Hakuna kitakachovunjika siku hiyo. Mstari utajaa, maandishi ya pongezi yatatokea, na wagonjwa wa Rongo wataanza kusajiliwa kwa nambari za mahali pengine. Na kosa halitadhihirika mpaka ripoti za mwezi zitakapokusanywa, au mpaka mgonjwa atakapohama na faili lake likatafutwa katika kituo ambacho hakupata kukanyaga. Wakati huo kadi zimekwisha kuandikwa, dawa zimekwisha kutolewa, na marekebisho yake yanahitaji mtu kuketi na kila jalada. Mjuzi wa mila za Waluo anaelewa kwamba hata fundi hodari hathubutu kusimamisha nyumba katika boma la watu kabla ya kumwuliza mwenye boma lango liko wapi na nyumba ya mke mkubwa imeelekea wapi, maana nyumba iliyojengwa mahali pasipo pake, hata iwe imara, italazimu kubomolewa. Na fundi haoni kwamba kuuliza huko kumempunguzia ufundi.

Dai la pili ni la usawa: kwamba vituo ni vingi, na njia pekee ya kuvihudumia ni kufanya jambo moja kwa namna moja kila mahali, bila kumpa mtu nafasi ya kuchagua. Hapa nakubali nusu. Toleo la programu liwe moja, faili ziwe zile zile, na yale ambayo mtunzi anayajua kwa yakini ayatende bila kumsumbua mtu. Lakini usawa wa amri hauleti usawa wa mahali. Amri ile ile inayomalizika kwa amani katika jengo lenye jenereta huko Nairobi inaweza kukatwa katikati huko Karungu kwa sababu stima imepotea, na hatua maalumu iliyotungwa kwa kudhani kwamba itafika mwisho haina la kusema inapokatwa. Mambo ya ndani ya mifumo hii hayana huruma katika hilo. Katika MySQL, amri ya kubadilisha umbo la jedwali hujithibitisha yenyewe papo hapo, na ikisha kupita hairudishwi kwa amri ya kutangua muamala. Basi zikiwa amri kumi, na stima ikapotea baada ya sita, hifadhidata hubaki si ya toleo la zamani wala la jipya. OpenMRS huyatekeleza mabadiliko ya majedwali kwa kutumia Liquibase, ambayo kabla ya kuanza hujiandikia kufuli katika jedwali maalumu ili wawili wasibadilishe kwa pamoja. Na mashine ikizimika ghafla, kufuli hiyo hubaki imefungwa na aliyeifunga hayupo tena, na mfumo unapowashwa upya hukaa ukimngoja mtu asiyekuwapo. Muuguzi huona kioo kisichoendelea tu, na kisakinishi bubu hakimwambii kwa nini.

Wazee wa Debian waliliona jambo hili zamani, na katika sera yao wakaweka sharti kwamba skripti za vifurushi ziweze kurudiwa bila madhara: ikikatwa katikati na ikaitwa tena, iendelee pale inapostahili, isiumbe kilichokwisha kuumbwa wala kufuta kilichokwisha kusalimika. Katika Windows Installer kuna funzo jingine ambalo wengi hulipita: kila hatua maalumu huweza kufungiwa sharti la lini itendeke, na ikiachwa bila sharti huweza kutendeka wakati wa kusakinisha, wakati wa kukarabati, na hata wakati wa kuondoa programu. Hatua iliyokusudiwa kuunda hifadhidata tupu siku ya kwanza, ikisahauliwa kufungiwa sharti, itajaribu kuiunda tena siku ambayo fundi amekuja kukarabati tu, na hapo patakuwapo miaka ya habari za wagonjwa. Kwa hiyo anayesema kwamba kupanga hatua maalumu ni jambo dogo la kumalizia kazi, la kuachiwa mwanagenzi wakati wakubwa wamekwisha kwenda zao, hajapata kuhesabu hasara inayoweza kutoka katika mstari mmoja usio na sharti.

Watasema: mambo hayo huwapata wazembe, na wataalamu wakubwa hupima kazi zao kabla ya kuzitoa. Historia haikubaliani nao. Novemba mwaka 2001 kampuni ya Apple ilitoa kisakinishi cha iTunes 2.0 kwa kompyuta zake, nacho kilikuwa na skripti ya kuondoa toleo la zamani. Katika mashine ambayo diski yake ilikuwa na jina lenye nafasi tupu kati ya maneno, skripti hiyo iliweza kuelewa vibaya jina hilo na kufuta yasiyoihusu, na watu wakapoteza diski nzima. Kampuni ililazimika kukiondoa haraka na kutoa 2.0.1. Miaka kumi baadaye, mwaka 2011, skripti ya kusakinisha programu ya chanzo huria iitwayo Bumblebee ilikuwa na nafasi moja tupu iliyoingia kimakosa kati ya /usr na maneno yanayofuata katika amri ya kufuta, na amri iliyokusudiwa kuondoa kitu kidogo kilichomo ndani ikaiondoa folda nzima ya /usr, ambayo ndiyo yenye karibu programu zote za mashine. Katika kisa cha kwanza watunzi walikuwa kampuni tajiri yenye wapimaji wa kulipwa. Katika cha pili walikuwa watu wa kujitolea wenye nia njema. Na katika visa vyote viwili mwenye mashine hakuulizwa, hakuonyeshwa kitakachofutwa, wala hakupewa njia ya kurudi. Ustadi haukuwaokoa, kwa sababu mtunzi hupima mashine alizo nazo, na nafasi tupu ilikuwa katika mashine asizokuwa nazo.

Kuna pia kundi jingine, la wajuzi wa kweli, ambao hoja yao ina heshima zaidi. Hao husema kwamba dawa ya hatari hizi ni kuziacha hatua maalumu kabisa, na kutumia tu zile kazi ambazo chombo kinazijua, kwa sababu hizo chombo chenyewe kinajua kuzirudisha nyuma. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa: mtu anayeandika skripti yake ya kuandikisha huduma ya Windows, ilhali chombo kina jedwali la kazi hiyo, anajitafutia taabu. Walakini hakuna chombo duniani chenye jedwali la tarakimu tano za zahanati ya kisiwa cha Mfangano, wala la kulinganisha saa ya mashine na kalenda ya ukutani wakati betri ndogo ya ndani imekufa na kompyuta inadhani iko mwaka uliopita, wala la kusoma madaftari ya miaka ya nyuma. Mahali huingia katika programu kwa mlango huo wa hatua maalumu. Ukiufunga kwa kuogopa wezi, umemfungia nje na mwenye nyumba. Ushauri wao ungekuwa kamili kama wangeongeza kwamba hatua chache zinazobaki zipangwe kwa bidii maradufu.

Dai la mwisho, ambalo kwa hakika ndilo linaloyasukuma mengine ijapokuwa halitajwi mwanzo, ni la gharama: kwamba kuuliza, kupima, kuandika hatua za kubatilisha na kuweka daftari la matukio ni kuongeza muda, na fedha ni za wafadhili. Mimi nasema hesabu hiyo imefanywa kwa kuangalia upande mmoja wa daftari. Kazi ambayo mtunzi hakuifanya haikutoweka, imehamishiwa kwa fundi atakayetoka Homa Bay mjini kwenda Mbita na kupanda chombo cha majini kwenda Mfangano, ili kuja kufungua kufuli ya Liquibase ambayo hatua moja ya ukaguzi ingeitambua. Kwa miaka mingi safari hizo zililipwa na miradi, na kwa kuwa zililipwa, hakuna aliyeziandika kama gharama ya kisakinishi kibaya. Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wafanyakazi wengi wa afya nchini Kenya waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo wakajikuta nje ya kazi. Tangu hapo hesabu iko wazi: kaunti haiwezi kutegemea fundi wa mradi, na elimu aliyokuwa nayo kichwani ama iwemo ndani ya kisakinishi, kwa maandishi yanayosomeka, ama haipo. Kimya kilichokuwa kikisifiwa kuwa ni wepesi kilikuwa wepesi wa kukopa.

Wala jambo hili si la hiari tupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inamtaka anayezishughulikia aweke ulinzi tangu mfumo unapobuniwa na katika mipangilio yake ya asili. Mipangilio ya asili huwekwa na nani, kama si hatua maalumu za kisakinishi? Nenosiri la asili la msimamizi wa OpenMRS limechapishwa hadharani katika maelekezo yake, kwa nia njema ya kuwasaidia wanaojifunza. Basi kisakinishi kinachoiacha seva ya kliniki na nenosiri hilo, kwa sababu tu kumtaka mtu aandike jipya kungekuwa ni kumsumbua, kimeuza siri za wagonjwa kwa bei ya sekunde kumi.

Kwa hiyo nawataka wenye mamlaka ya afya katika kaunti hizi mbili, wanapoletewa programu, wasiishie kutazama kurasa zake nzuri, bali wamwulize mleta programu mambo manne. Kwanza, yapi ambayo kisakinishi chake kinayafanya kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaandikwe moja moja kwa lugha ambayo ofisa wa rekodi anaweza kuisoma. Pili, yapi ambayo kinauliza, na je, kinayauliza yale ambayo kituo pekee ndicho kinachoyajua, yaani nambari ya kituo, nambari za kuanzia, tarehe ya leo, na nenosiri jipya. Tatu, kinafanya nini kabla ya kugusa hifadhidata: je, kimechukua nakala ya akiba, na je, kimehakikisha kwamba nakala hiyo inafunguka, maana mabadiliko ya majedwali ya MySQL hayana njia nyingine ya uhakika ya kurudi. Nne, stima ikikatwa katikati na mashine ikawashwa tena, kitaendelea, kitarudi nyuma, au kitakaa kimya. Na jibu la hili lisipokewe kwa maneno, seva ya majaribio izimwe mbele yao kwa kuchomoa waya, kisha iwashwe na kutazamwa. Asiyekubali waya uchomolewe amekwisha kujibu.

Na wale watunzi vijana wa Kisumu, wa Rongo na wa Nairobi, ambao kesho ndio watakaoyaandika haya, wayazingatie maagizo ya Windows Installer kuhusu mpangilio: hatua ya kubatilisha huwekwa kabla ya ile inayokusudiwa kubatilishwa, wala haiwekwi baadaye, kwa sababu amri ikisha kuharibika katikati hapana nafasi tena ya kutafuta njia ya kurudi. Huo ni utaratibu wa kiufundi, na ni adabu ya kazi pia. Aliyepewa uwezo wote juu ya mashine ya watu hana haki ya kuutumia mpaka awe amekwisha kuuliza asiyoyajua na kuandika namna ya kuyatangua atakayoyatenda. Na asiyeweza kufanya hayo mawili, programu yake haijawa tayari kuvuka lango la kituo, hata kama mstari wake hujaa upesi kuliko mistari yote.